Skrini za Stoo

Wewe, ushawahi kuona skrini ikiwaka na waya wake umeushika mkononi? Rafiki yangu Kyalo, graduate wa kompyuta, yalimkuta hapa Changamwe. Alienda kuomba kazi kwenye kampuni moja, meneja akamwambia, "Injinia, hizi skrini kuukuu zikikubali kompyuta mpya, kazi ni yako." Plagi zake haziingii popote, akahangaika siku tatu na adapta na graphics card, ile kadi ya picha, ndani ya stoo isiyo na dirisha, mpaka zikawaka.

Ndipo akamsikia meneja kwenye simu: "Mpwa wangu, njoo Jumatatu uanze."

Shameless! Kyalo akachomoa nyaya zote. Giza tupu. Skrini moja ikavuma, ikawaka, ikamwonyesha yeye mwenyewe akigonga kioo kwa ndani.

Alikimbia, yuko kwake. Lakini mlinzi anasema kule stoo kioo bado kinagongwa kwa ndani. Meneja, fungua umtoe!