Chupa Ndani ya Kiroba

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Hosiana alipita nyuma ya darasa la sita kutikisa chupa mbili. Yeye na mwenzake Mbuke walikuwa wamezijaza maji ya kijani kutoka lambo la kunyweshea ng'ombe, nje kidogo ya Nyarugusu. Moja ilikaa juani. Nyingine waliivisha kiroba cha kubebea mawe ya dhahabu, kinachopitisha mwanga hafifu. Mbuke ndiye aliyebandika lebo, JUA na KIVULI. Mwalimu Euphrasia alisema kiroba kisifunguliwe hadi siku ya kumi na mbili. Kundi litakalofanya vizuri lingekwenda kuonyesha jaribio lao Geita mjini.

Siku ya kumi na moja Hosiana alishindwa kujizuia. Alichungulia. Maji ya kirobani yalikuwa ya kijani kibichi kabisa, na ya juani yamepauka.

"Tumeharibu," alinong'ona. Nani asiyejua kwamba miche ya maharage ikifunikwa hugeuka manjano? Akatazama huku na huku, akabandua lebo, akazibadilisha, kisha akaitia chupa iliyopauka ndani ya kiroba na ile ya kijani akaiacha juani.

Kesho yake makundi yote yalifungua viroba vyao. Chupa zikatoka za kijani kibichi, moja baada ya nyingine. Ya akina Hosiana peke yake ilitoka imepauka.

"Mbuke kabandika kinyume!" Donatus alipiga kelele. "Kiswahili chenyewe kajifunza juzi, lebo ataziwezea wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mbuke alikuwa amehamia kutoka kijiji cha wafugaji, na nyumbani kwao waliongea Kisukuma tu.

"Mbuke, ulizichanganya?" mwalimu aliuliza.

Mbuke aliinamisha kichwa. "Sijui, mwalimu. Labda."

Hilo "labda" lilimchoma Hosiana kuliko kicheko. Mbuke hakuwa amekosea, ila sasa alijitilia shaka mwenyewe. Hosiana aliinamia daftari lake.

Jioni baba yake alirudi kutoka karashani, mahali mawe ya dhahabu yanaposagwa, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Leo wamemfukuza mchimbaji mmoja," alisema akinawa mikono. "Alinyunyizia dhahabu kwenye mawe ya sampuli ili mnunuzi adanganyike. Mwenzake hakujua lolote, lakini naye kafukuzwa. Nani atamwamini tena?"

Hosiana alilirudisha tonge la ugali sahanini.

"Mayu, mama yangu, mbona huli?" baba akauliza.

"Nimeshiba, baba," alijibu, na hata huo ulikuwa uongo.

Asubuhi alimkuta mwalimu akifungua ofisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Aliyasema yote, macho yakiwa chini. Mwalimu akasema, "Waliomcheka Mbuke ni darasa zima. Utarudia maneno haya mbele yao."

Hosiana aliyarudia. Masikio yalimwaka moto. Safari hii hakuna aliyecheka, hata Donatus.

Mwalimu Euphrasia aliziinua zile chupa mbili. "Wale walioyapa maji ya lambo rangi ya kijani si maharage," alieleza. "Ni sianobakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Ndani yao kuna tando nyembamba zinazonasa mwanga, kama mikeka iliyotandikwa kwa tabaka. Mwanga ukiwa hafifu, wanaongeza tando na rangi ya kijani ili wanase kidogo kilichopo. Jua likiwa kali, wanazipunguza wasije wakaungua. Chupa yenu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, Hosiana. Ilikuwa inakufundisha jambo usilolijua, nawe ukaifunga mdomo."

Kisha akasema taratibu, "Jibu usilolitarajia si kosa. Kosa ni kulificha, na kumwachia mwenzako aibu yako. Mbuke, utakwenda Geita kueleza jaribio hili. Hosiana, wewe utabaki."

Hosiana aliitikia kwa kichwa. Alichukua gundi, akamsogelea Mbuke. "Nisamehe, dada. Nilikuacha uchekwe nami naujua ukweli."

Mbuke alizibandua lebo zote mbili. Kisha akampa ile chupa ya kijani kibichi.

"Shika chupa," alisema. "Lebo nabandika mimi."

Akaibandika: KIVULI. Haikupinda hata kidogo.