Swali Ambalo Baba Alijibu "Hakuna"

Kila siku alipotoka shule, Karani alivua viatu mlangoni, akabadili sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akakaa mezani kufanya kazi aliyopewa na mwalimu. Karani halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na majirani, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa watu wazima wengi wa mtaa ule. Mwenye chumba cha kupangisha alimwendea yeye amwandikie tangazo. Mwenye malalamiko ya maji kukatika alimwendea yeye amwandikie barua. Naye alijua kuwa ni hodari. Alijua kupita kiasi, kusema kweli.

Zamani, saa za jioni kama hizo, Baba alikuwa bado barabarani na gari la mikate. Sasa alikuwa nyumbani tangu asubuhi. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimefungwa, magari yakauzwa, na Baba akabaki kupiga rangi viatu ambavyo havikuwa na pa kwenda. Alibisha hodi kila mahali palipohitaji dereva, na kila mahali aliambiwa arudi wiki ijayo. Mama alishona sare za watoto wa watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Alipoinuka kitini alishika kiuno kwanza, akatulia kidogo, ndipo akanyooka. Baba alikuwa akitazama pembeni kila alipofanya hivyo.

Ndipo likatoka tangazo la shirika la treni. Walitafutwa watu wa kufundishwa udereva wa treni. Umri wa mwisho wa kuomba ulikuwa ule ule wa Baba, maana yake mwaka unaofuata angekuwa ameshapitwa. Tena kila mtu aliruhusiwa kuomba mara moja tu. Baba alichukua fomu mbili, moja ya kujaribia kwa penseli na nyingine ya kujaza kwa kalamu, akaziweka mezani mbele ya Karani.

"Kalamu shika wewe, mwanangu," alisema. "Mwandiko wangu mimi ni wa kuku."

Mwandiko haukuwa tatizo hata kidogo. Baba alisoma polepole, maswali yalikuwa yamemchanganya tangu akiwa njiani, na aliona haya kulisema jambo hilo mbele ya binti yake.

Na maswali yenyewe yalichanganya kweli. Hayakuwa kama maswali ya shuleni. Zilikuwa sentensi nyingi zimepangwa, na kila sentensi ilikuwa na visanduku vitano pembeni. Kisanduku cha kwanza kilimaanisha "ni mimi kabisa", na cha tano kilimaanisha "si mimi kabisa".

"Napenda kufanya kazi peke yangu," Karani alisoma. Alirusha macho chini. "Halafu huku chini wanasema: Napenda kufanya kazi na wenzangu."

Baba alijikuna kichwa. "Sasa wanamtaka mtu gani hawa? Mpweke au mcheshi?"

"Weka vyote viwili," Mama alisema bila kusimamisha cherehani. "Dereva si yuko peke yake mbele, na watu wote wako nyuma yake?"

"Kazi ya kurudiarudia hainichoshi," Karani akaendelea.

"Mwandikie inamchosha ile ya kusugua sufuria," Mama alisema, na wote watatu wakacheka. Kicheko kilikuwa kimeadimika katika nyumba ile.

Karani akashika mwendo. Alisoma sentensi, Baba akaitikia, yeye akatia alama kwa penseli. Alipofunua ukurasa wa sehemu ya tatu aliona maelezo marefu ya herufi ndogo juu kabisa, akayaruka. Ya nini kuyasoma, naye alishaelewa? "Hufuata kanuni hata kama hakuna anayeniona," alisoma. Baba akajibu kwa moyo wote, "Hiyo ni mimi kabisa." Akatia alama kisanduku cha kwanza. "Nikikasirika, hujituliza kwanza kabla ya kutenda." Cha kwanza tena. Kwa sehemu ile, Baba alikuwa wa kwanza kila mahali.

Swali la mwisho ndilo lililowakwamisha. Lilisema: Eleza kosa ulilowahi kufanya. Ulimwambia nani, na baada ya muda gani?

"Huo ni mtego," Baba alisema. "Nani anaomba kazi huku anajichongea? Andika 'Hakuna'."

Karani akanakili yote kwenye fomu safi kwa kalamu, na mwishoni akaandika "Hakuna" kwa herufi nzuri za kuviringana. Kesho yake Baba aliipeleka mwenyewe ofisini, akarudi akipiga mluzi.

Siku iliyofuata, Alhamisi, Karani alikwenda shule na daftari jipya la hesabu. Alikuwa amelifunika kwa karatasi za ile fomu ya penseli, kwani nyumbani kwao karatasi nzuri haikutupwa. Kwenye dawati alikaa na msichana aliyeitwa Redio, ambaye hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alisoma chochote kilichokuwa mbele yake, kwa sauti.

"Makinika," Redio alisoma kwenye jalada la daftari. "Katika sehemu hii mpangilio umegeuzwa. Kisanduku cha kwanza: si mimi kabisa. Cha tano: ni mimi kabisa." Akashuka na kidole. "Hufuata kanuni hata kama hakuna anayeniona. Cha kwanza! We, hii ni ya nani? Huyu mtu hafuati kanuni! Nikikasirika, hujituliza kwanza. Cha kwanza! Huyu anapiga watu!"

Karani akamnyang'anya daftari. Alisoma yale maelezo ya herufi ndogo mara moja, akayasoma tena. Baba yake, aliyewahi kusimamisha gari la mikate ili bata wavuke barabara, alikuwa amejieleza kwa shirika zima la treni kuwa ni mtu mkorofi, mvivu na mvunja kanuni. Na aliyemwandika hivyo ni yeye Karani, kwa mwandiko mzuri.

"Umekuwaje?" Redio aliuliza. "Umepauka."

"Tumbo," Karani alijibu.

Alirudi nyumbani akiwa ameazimia kusema. Alifika akamkuta Baba anapiga pasi shati lake la kola, na jirani fundi viatu amekaa mlangoni anamtania. "Ukishakuwa dereva usijifanye hutuoni," fundi alikuwa akisema. "Upige honi ukipita." Baba alicheka mpaka mabega yakatikisika. Mama naye alikuwa amesimamisha cherehani, amekaa tu, jambo ambalo Karani hakukumbuka kuliona mchana wowote ule. Alijiambia atasema wakati wa kula, na wakati wa kula akajiambia atasema kesho. Chakula kilimshinda. Alilala ameelekea ukutani, akiomba fomu ile ipotee, ofisi ifungwe, au yeye augue homa kali, chochote kile ili asiwe yeye wa kusema. Hakuna alichokiona mbele isipokuwa giza, na giza lenyewe alikuwa amelitengeneza kwa mkono wake.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi. Baba aliamka mapema, akanywa chai amesimama.

"Kuna kitu kimoja kinanisumbua," alisema. "Lile swali la mwisho. Kosa gani, ulimwambia nani, baada ya muda gani. Hivi walitaka nini wale?"

Karani aliweka kikombe chini, machozi yakamtoka kabla ya maneno. Alileta daftari la hesabu na kumwonyesha Baba ile sehemu ya tatu. Alieleza yote, hata lile la kujua tangu jana.

Heri Baba angefoka. Alisoma ile karatasi taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha akaketi kitandani na kushika tama. "Basi," alisema. "Basi, imekwisha." Alivua viatu alivyovipiga rangi, akavisukuma chini ya kitanda.

"Baba, nisamehe."

"Si wewe, mwanangu." Sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Mimi sina bahati ya kazi tena. Tuache."

Mama alitoka nyuma ya cherehani, akashika kiuno, akanyooka. "Ofisi inafungwa saa ngapi?"

"Saa sita. Lakini niende nikaseme nini? Kwamba mtoto ndiye aliyenijazia? Watanicheka."

"Wakucheke," Mama alisema. Aliinama, akavitoa vile viatu chini ya kitanda. "Mchukue na huyu aliyeandika. Shuleni atafika amechelewa, nitamweleza mwalimu mimi."

Wakatoka wote wawili. Ofisini, nyuma ya kioo, mama wa mapokezi alikuwa na rundo la fomu zilizobanwa kwa mpira. Baba alieleza kwa kubabaika. Yule mama akatikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Fomu ikishapokelewa haibadilishwi, kaka yangu. Ombi ni moja kwa mtu mmoja, na imeandikwa hapo."

"Nimeelewa," Baba alisema. Akageuka. Karani aliuona uso wake ukishuka, akajua kwamba akitoka mlango ule hataomba tena kazi mahali popote. Hapo akashika ukingo wa dirisha.

"Shikamoo. Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyekosea. Baba yangu hayuko hivyo. Sikusoma maelezo."

"Marahaba, mwanangu. Lakini hata ukilia, kanuni ni kanuni."

Mtu mmoja mwenye mvi na kizibao cha njano alikuwa ameingia kuchukua lile rundo. Alikuwa mkufunzi wa madereva. Alisimama.

"Uligundua lini?" alimuuliza Karani.

"Jana, shuleni."

"Ukasema lini?"

"Leo asubuhi." Karani aliinamisha kichwa. "Jana Baba alikuwa anacheka. Niliogopa."

Mkufunzi hakumsifu. "Siku nzima ni muda mrefu," alisema. "Sikiliza. Dereva akipitiliza taa nyekundu, hata kwa urefu wa behewa moja, anatakiwa asimame hapo hapo na kuwapigia simu wanaoongoza safari za treni. Akisema mara moja, treni nyingine zinasimamishwa na watu wanakwenda nyumbani. Tunamrudisha darasani, tunamfundisha tena. Akinyamaza kwa kuogopa, kuna treni inayokuja mbele yake na dereva wake hajui. Kwa hiyo huwa tunauliza lile swali la mwisho. Mzee, wewe ulijibu nini?"

"Hakuna," Baba alisema.

"Wengi huandika hivyo. Nikiliona jibu hilo huwa napata wasiwasi kuliko nikiona kosa lenyewe." Alimtazama mama wa mapokezi. "Visanduku siwezi kuvigusa. Ila mwombaji anaweza kuambatanisha maelezo kabla ya saa sita. Siahidi chochote."

Mama wa mapokezi alisukuma karatasi nyeupe chini ya kioo. Karani alinyoosha mkono kwa mazoea, lakini Baba alishaichukua. Aliegemea kaunta, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kuku, akikatakata maneno na kuanza upya. Kalamu ilimlemea. Jasho lilimtoka. Karani aliweza kusoma kutoka pembeni: Kosa ni langu. Sikuyaelewa maswali, nikaona haya kuuliza, nikampa mtoto kalamu. Sehemu ya tatu yote imegeuka. Nawaambia ninyi, leo, kabla hamjafunga.

Baada ya hapo zilifuata wiki ambazo Karani hapendi kuzikumbuka. Hakuna aliyewaita. Baba aliacha kupiga mluzi, fundi viatu akaacha utani, na cherehani ikalia kutwa nzima. Kila Karani alipotia alama kwenye daftari lake alihisi kichomi. Siku simu ilipolia, Baba alisikiliza amesimama wima, akajibu "ndiyo" na "asante" tu, akakaa chini kwenye sakafu. Waliomwita hawakumpa kazi. Walimwita afanye mtihani, kisha apimwe macho na masikio, kisha ahojiwe. Kwenye mahojiano, karatasi yenye mwandiko wa kuku ilikuwa juu ya fomu yake mezani. Mwezi mmoja baadaye alianza masomo ya udereva, akiwa mkubwa kwa umri kuliko wenzake wote darasani.

Jioni ya kwanza alirudi na kitabu kinene cha kanuni. Alikiweka mezani mbele ya Karani, akavuta kiti.

"Kalamu nashika mwenyewe," alisema. "Nisipoelewa nitakuuliza, nawe usipoelewa tutamuuliza mkufunzi. Mimi niliona haya kusema sielewi, wewe ukaogopa kusema umekosea, na kidogo tu tumlaze mama yako njaa. Kosea, mwanangu, kila mtu hukosea. Lakini ukigundua, sema hapo hapo, hata kama nacheka."

"Ndiyo, Baba."

"Haya, anza kunisomea."

Karani alifungua sura ya kwanza. Juu kabisa palikuwa na maelezo marefu ya herufi ndogo. Akaanza kuyasoma, polepole, neno kwa neno.