Mashine Iliyogoma Ikiwa Moto

Mashine ya kukatia majani ya mume wa mshonaji ilikuwa safi kuliko sahani za nyumbani kwao. Kila jioni aliimwagia maji, akaifuta, akaing'arisha mpaka matairi. Majirani wakampachika jina la Bwana Kioo.

"Ingekuwa inavaa gauni, ungeniagiza niishonee," mkewe alimtania.

Ni mashine ya kukalia, yenye usukani, na visu vyake huzunguka chini ya tumbo. Kwa mashine hiyo Bwana Kioo alikata majani ya uwanja wa shule. Kila asubuhi iliwaka mara moja. Ikishapata moto, ukiizima, imegoma mpaka ipoe.

Basi akaacha kuizima. Chini ya kiti kulikuwa na swichi ya kuzima injini dereva akiinuka. Bwana Kioo aliona inamsumbua tu, akaifunga kwa waya. Mkewe hakuambiwa.

Siku moja alikuwa akikata uwanja huo, maana kesho yake ilikuwa siku ya michezo. Wingu zito lilitanda, na nusu ya uwanja ilikuwa bado. Mkewe alimletea maji ya kunywa. Alipofika getini alimwona ameinama kando ya mashine. Injini inanguruma, visu vinazunguka. Majani yalikuwa yamekwama kwenye mdomo wa kuyatolea nje, naye alikuwa akiyachokoa kwa kijiti.

"Zima!" mkewe alipiga kelele. Hakusikia.

Visu vilinyakua kijiti. Mkono ukavutwa nacho. Bwana Kioo aliuchomoa kwa nguvu zote, akaanguka chali.

Mkewe alitupa chupa, akakimbia, akazungusha ufunguo. Injini ikanyamaza.

"Mbona umeizima?" Bwana Kioo alifoka, bado yuko chini. "Sasa haiwaki! Mvua ile pale! Mwalimu mkuu nitamwambia nini?"

"Mwambie bado una mikono miwili."

Bwana Kioo aliinuka, akajaribu kuwasha. Injini ikakohoa, ikagoma. Akajaribu tena. Wapi! Mkewe hakubishana naye. Alimpigia simu jirani yao, fundi pikipiki, mwanamke mwenye mdomo mkali na roho nzuri.

Fundi alimkuta Bwana Kioo ameokota ile chupa, anataka kuimwagia injini maji.

"Shemeji, weka chini! Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kitapasuka."

Fundi alichomoa waya wa plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Kisha akatazama chini ya kiti.

"Nani amefunga swichi hii?"

"Mimi. Ilikuwa inazima injini kila nikiinuka," Bwana Kioo alisema.

"Kumbe ungeniacha mjane kwa kipande cha waya?" mkewe aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilimuuma Bwana Kioo kuliko kelele.

Fundi aliutoa waya, akauweka mfukoni mwake. Alipima cheche ya plagi kwa kifaa chake. Cheche ilikuwa nzuri. Injini ilipopoa, akafungua kifuniko cha juu.

"Ukisafisha, huwa unafungua hapa?"

"Hapana. Naosha nje."

Ndani, silinda ilikuwa imevikwa majani na vumbi, vimekauka kama lipu ya ukuta.

"Injini hii inapozwa na upepo," fundi alisema. "Feni inausukuma, nao unapita katikati ya vibati hivi vyembamba na kuondoa joto. Ukimwaga maji, majani yanalowa, yanaganda, upepo haupiti. Injini inachemka. Ukiizima, petroli inageuka mvuke kwenye kabureta, ndiyo maana haiwaki."

"Kwa hiyo usafi wangu ndio umeniponza?"

"Umeipaka poda usoni, pua umeziba."

Mkewe alicheka bila kutaka. Walikwangua kwa kijiti na brashi kavu, taratibu, wasipinde vibati. Matone ya kwanza yalidondoka, yakakoma. Walipomaliza, fundi alirudisha kifuniko na waya wa plagi. Bwana Kioo akakata majani mpaka injini ikapata moto sawasawa.

"Zima," fundi alisema.

Bwana Kioo alisita. Nusu ya uwanja ilikuwa mbele yake, na wingu juu ya kichwa. Alimtazama mkewe, akazima. Kisha akazungusha ufunguo tena.

Iliwaka.

"Safisha hapo ndani kila mara, kwa brashi kavu, injini ikiwa baridi," fundi alisema. "Ikigoma tena niite, huenda ikawa koili ya umeme wa cheche au vali za injini. Lakini swichi hiyo usiiguse."

Karibu na goli la mwisho majani yakakwama tena. Mkewe alisimama. Bwana Kioo alizima injini na kungoja visu vitulie. Alichomoa waya wa plagi, akaja kumkabidhi mkewe ufunguo. Ndipo akayatoa majani.

Aliporudi kuuchukua ufunguo, mkewe hakuuachia. Aliushika mkono wake, akagusa kidole kimoja kimoja.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia kama vyote vipo," alisema, akampa ufunguo.