Kitambaa cha Emmy

Nekoye na Emmy wameolewa na ndugu wawili. Wanaishi boma moja huko Endebess. Kila mmoja ana ng'ombe mmoja wa maziwa.

Ng'ombe wa Emmy hujaza ndoo. Wa Nekoye hufika nusu tu. Kila asubuhi mama mkwe hupita mlango wa Nekoye, akienda kunywa chai kwa Emmy.

"Mama, karibu chai," Nekoye alimwita siku moja.

"Chai yako ni maji ya mvua, mwanangu. Acha niende kwa wenye maziwa."

Nekoye alicheka, lakini moyo ulimuuma. Emmy ana dawa gani? Akaanza kumchungulia. Akamwona akipangusa kiwele kwa kipande cha leso nyekundu.

"Bahati iko hapo," akawaza.

Emmy alipoenda shambani, Nekoye alikitoa kitambaa kwenye kamba. Akawa anapangusia kiwele cha ng'ombe wake.

Siku chache baadaye kiwele kilivimba, kikawa moto. Maziwa yakatoka na mabonge. Watoto wakakosa maziwa.

Cherop, daktari wa mifugo, alikuja kwa pikipiki. Akakamulia maziwa kidogo kwenye kikombe cheusi, akayatazama.

"Ni ugonjwa wa kiwele," akasema. "Unaletwa na bakteria, kiumbe mdogo sana. Macho hayawezi kumwona. Huyu anapenda kukaa ndani ya kiwele. Kuna joto, na chakula ni maziwa."

"Anaingiaje?"

"Kwa tundu la chuchu. Hana miguu. Hubebwa na mikono ya mkamuaji, au kitambaa kilichopangusa ng'ombe mwingine."

"Si mimi niko na ng'ombe mmoja tu, daktari!"

"Basi ametoka wapi? Ng'ombe anaweza kuonekana mzima, kumbe ana bakteria huyo. Asipotibiwa, kiwele kitaharibika."

Nekoye akakikumbuka kile kitambaa. Akinyamaza, ng'ombe wa Emmy hatatibiwa, na maziwa yake yataisha. Mama mkwe hatakuwa na pa kwenda. Wazo hilo lilikuwa tamu.

Wakati huo Emmy akaingia na jagi. "Nimeletea watoto wako maziwa. Chemsha kwanza."

Nekoye akatazama chini. "Emmy, kitambaa chako ninacho. Nilidhani kina dawa."

"Ati dawa? Bana! Nami nikampiga ndama nikidhani amekila!"

Cherop alipima ng'ombe wa Emmy. Chuchu moja ilikuwa na bakteria. Ng'ombe wote wawili wakatibiwa. Maziwa yao hayakunywewa wala kuuzwa mpaka daktari aliporuhusu. Sasa wake hao hunawa mikono kwa sabuni. Kila ng'ombe ana kitambaa chake, kinachofuliwa kila siku. Baada ya kukamua, chuchu huchovywa kwenye dawa.

"Lakini maziwa yako mengi hutoka wapi?" Nekoye aliuliza.

"Maji, dada. Wangu hunywa mchana kutwa. Wako hunyweshwa jioni tu."

Nekoye akaweka karai la maji zizini. Maziwa yakaongezeka.

Asubuhi moja mama mkwe alisimama mlangoni kwake, akanusa chai, akaketi.

"Mama, umenitupa?" Emmy aliita kutoka kwake. "Nekoye, sasa ni mimi naona wivu! Kitambaa chako kiko wapi?"

"Kiko kwa kamba," Nekoye akajibu, akitoa kikombe cha tatu. "Kuja unywe chai. Lakini usikiguse!"