Alteneta Iliyowaka Korongoni

Daraja la magogo lilikatika wakiwa katikati. Fidelia aliruka akadaka mwamba. Linus, katekista wa kigango walichokuwa wakikiendea, alitumbukia, na mto ukamtupa juu ya mwamba uleule, mfupa wa muundi umevunjika.

"Uko mzima, katekista?"

"Mguu, dada Fidelia. Mguu umekwenda."

Walitoka Makambako juzi yake, wakapita Njombe, kisha wakateremka mabonde ya Ludewa kwa miguu. Mzigo wao, uliofungwa mgongoni mwa Fidelia, ulikuwa alteneta ya zahanati ya kigango, mtambo wa kufua umeme kwa maji, pamoja na bomba lake na taa ya pikipiki. Fidelia, fundi wa kusuka upya waya za mota pale Mahongole, aliiunda alteneta hiyo kwa mikono yake. Sasa mvua ya milimani ilikuwa imewafungia njia. Mbele na nyuma maji mekundu yaliviringisha mawe. Ubavuni ulisimama ukuta wa jabali, na maporomoko membamba yakishuka kutoka kwenye ukungu. Simu zimelowa. Kijiji kilikuwa ng'ambo tu, lakini ngurumo ya maji ilimeza kelele zao kila walipopiga.

Fidelia alimfunga mguu kwa vipande viwili vya ubao na khanga yake. Alipoinuka, maji yalikuwa yameshafika kwenye kisigino.

"Watakuja kututafuta?"

"Watakuja. Ila kwa ukungu huu watatupita."

Akautazama mzigo.

Alteneta yake ya kwanza ilikuwa ya upepo, ya kuzunguka taratibu. Siku alipoizungusha kwa kasi, sumaku zilibanduka kwenye gundi zikatoboa bati la karakana. Hii aliibuni upya: mizunguko michache ya waya, waya wenyewe mnene zaidi, na sumaku akazibana kwa pete ya chuma. Lakini kasi kamili hakuwahi kuijaribu. Karakanani hakukuwa na maporomoko.

"Jifiche nyuma ya jiwe, katekista. Funika kichwa."

"Kwani itapasuka?"

"Sijui."

Akaifunga kwa kamba kwenye ufa, akaiunganisha na ile taa ya pikipiki, akaelekeza taa ng'ambo. Kisha akaingia chini ya maporomoko na bomba la alteneta, maji ya baridi yakimkata pumzi, akayaelekeza kwenye vikombe vya gurudumu. Taa ikawa nyekundu kama kaa. Haitoshi. Akasogeza bomba mpaka maji yote yakapiga katikati ya vikombe. Mngurumo ukawa mluzi, mluzi ukapanda, mwamba ukatetemeka chini ya nyayo zake. Akafumba macho.

Hakuna kilichoruka.

Alipoyafumbua, korongo lote lilikuwa limejaa mwanga. Ukungu wenyewe uling'aa, mweupe, mpana kama ukuta wa kanisa, na kila tone la maji lilionekana likianguka peke yake.

"Mama wa Mungu," Linus alinong'ona, akisahau mguu.

Fidelia akalibana bomba kwa mawe, akakaa kando yake, wakangoja. Maji yalikuwa magotini sauti za watu ziliposikika kutoka ng'ambo. Kamba ikarushwa mara tatu kabla hajaidaka. Linus akavushwa kwanza, kisha yeye.

Watu kumi na wawili walikuwa ukingoni, na hakuna aliyeanza kuondoka. Walisimama kwenye mvua wakitazama taa inavyowaka kule mwambani, bila mtu pembeni yake. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba.

"Nani ameiunda hiyo?" aliuliza.

Fidelia alimgeukia. Kila mzunguko wa waya ule aliuhesabu mwenyewe. Akainua mikono yake miwili iliyochubuka, naye mwenyewe akaitazama.