Mkono wa Stanislas Kwenye Shimo la Saba

— Piga, mulamu! Kampira kadogo vile, unakaogopa sawa nyoka?

Hortense alikuwa amekaa juu ya kaukuta kafupi, viatu mkononi, kichwa bado kinamzunguka. Tangu asubuhi alikuwa amepanda farasi wa mbao mara tatu na viti vya kuning'inia mara mbili, mpaka akaenda kutapika karanga zake zote nyuma ya kibanda cha limonadi. Ndiyo sababu walikuja kupumzika huku kwenye golufu ndogo. Hapa hakuna kinachozunguka. Unashika fimbo, unasukuma kampira, kanaingia mlango wa nyumba ndogo ya mbao, kanatokea nyuma, kanaanguka shimoni. Basi.

Ngalula, mulamu wake, yaani wifi mtarajiwa, alishika fimbo lakini hakupiga.

— Inaniangalia, alisema.

— Nani?

— Hii nyumba.

Clément Mwansa, kaka yake Hortense, alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka siku iishe vizuri. Alikuwa karani wa ofisi, suti ya kijivu, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi la mwezi wa saba. Alikuwa ameomba konje, likizo ya siku tatu, ili awalete kutoka Kipushi mpaka bustani hii ya michezo, karibu na ziwa la Karavia. Jumamosi ijayo ilikuwa harusi yake na Ngalula.

— Chérie, ni mbao tu. Stanislas njo alizitengeneza, kweli. Ulisema unataka kuziaga. Ziage, kiisha twende tukakule.

Ngalula alipiga. Kampira kaliingia mlangoni, kakakaa ndani kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha kakatoka polepole upande wa pili kama mtu aliyeamshwa.

Ulikuwa mji mzima, urefu wake unafika magotini. Nyumba kumi na mbili kwa mashimo kumi na mawili: bomba la moshi kama lile la kiwanda cha shaba, kanisa, soko, daraja, stesheni ya treni. Stanislas, bwana yake Ngalula, aliijenga yote mwaka mzima kabla ya uhuru, na mkewe alikuwa akimletea bukari, ugali wake wa saa sita, anakaa pale pale kwenye nyasi akimwangalia. Sasa nyasi zilikuwa zimekauka. Watu hawakuja. Kule nyuma farasi wa mbao walizunguka bila mtu juu yao, na muziki wao ulikuja na kuondoka kwa upepo.

Mwaka uliopita, mwezi wa kenda, watu wa Kasai walipoanza kuwindwa mjini, Stanislas alikuja hapa kuchukua vyombo vyake vya kazi. Hakurudi. Clément, jirani yao, ndiye aliyemlaza Ngalula na mtoto wake Ntumba chini ya magunia ya makaa, akawapitisha mbele ya basoda wenye bunduki mpaka Kipushi, kwa dada yake Hortense. Kama wangemkamata, wangemuua pamoja nao. Baadaye alileta habari: mafundi wa Kasai wote walikutwa barabarani wameuawa, hakubaki mtu. Ngalula akalia matanga bila maiti.

Lakini kwa watu wa Kasai kuna kitu kinaitwa tshibawu. Mke akilala na mwanaume mwingine wakati bwana yake yuko hai, si yeye anayelipa. Ugonjwa unaingia kwa mtoto, na hautoki mpaka mke afungue kinywa mbele ya bwana yake na kusema yote. Mjane hana tshibawu. Mjane amefunguliwa.

Mwezi wa sita, siku Clément alipomvisha pete, Ngalula alikubali kulala naye. Mara moja tu. Siku ya tatu Ntumba akashikwa na joto. Kinini, sindano, majani, yote wamejaribu. Joto linashuka mchana, linarudi jioni, na mtoto wa miaka mitatu amebaki macho tu; leo wamemwacha Kipushi kwa jirani.

Kwa hiyo swali lilimtafuna Ngalula wiki nne: kama mimi ni mjane, hii homa inatoka wapi?

Hakulisema kwa mtu. Alikuja kumwambia Stanislas hapa, kwa kuwa kaburi hana: kama umekufa, mwachilie mtoto.

— Shimo la sita! Hortense alipiga kelele. Miye niko na kumi na mbili, Clément makumi mawili na nane.

— Muongo! Hata hukusimama ukapiga!

— Nilipiga na macho. Ofisi yenu haiandikake macho?

Ngalula hakucheka. Kwenye kila nyumba alipiga magoti, akachungulia, akapitisha kidole kwenye pembe. Stanislas hakupenda misumari. Musumari unashika kutu, alikuwa akisema, mbao ishikwe na mbao. Kila kiungo alikipigilia kijiti cha mti wa mulombwa, na kichwa cha kijiti alikikata mshazari kutoka kulia kwenda kushoto, kwa maana alitumia mkono wa kushoto. Ungempa Ngalula mlango gizani, angekuambia kama ni wa Stanislas.

Shimo la saba lilikuwa stesheni. Juu ya kipaa chake risasi zilikuwa zimepita, matundu manne kwa mstari. Matatu yalikuwa yamezibwa kwa kibao kipya ambacho rangi yake bado ilikuwa nyekundu. Ngalula aliweka kidole juu ya kibao. Vijiti. Mshazari. Kulia kwenda kushoto.

Alipitisha kidole tena, kijiti kwa kijiti.

— Papa Kasimu! aliita.

Kasimu, aliyewapa fimbo na mipira, Mwislamu wa familia ya Maniema aliyeanza kazi hapa baada ya mji kujengwa, alitoka kibandani akisawazisha kofia yake.

— Mama, huku tunapigake mupira, hatupigake magoti.

— Haya matundu ni ya vita gani?

— Ile ya mbele ya Noeli. Siwezi kusahau. Niliingiza kichwa mu kanisa hii hapa, matako yote inje, naomba Mungu asione ile nyumba ni ya nani.

Hortense akaangua kicheko. Ngalula alikuwa bado kwenye magoti.

— Si ya mwezi wa kenda? Ujue vizuri, papa.

— Mu mwezi wa kenda hapa haikufika hata risasi moja. Mwezi wa kumi na mbili, mama.

— Bwana yangu alikufa mwezi wa kenda, Ngalula alisema taratibu. Na hii ni kazi yake.

Upepo ulileta muziki wa farasi, ukauchukua tena.

— Muzimu wake, Ngalula alinong'ona. Anakuja kutengeneza.

Hortense alishuka ukutani, akaja kuangalia, akagusa.

— Muzimu habebake randa, mulamu. Hii, ni muntu.

— Mafundi beko bengi, Clément alisema haraka. Mutu yeyote anaweza kuiga.

— Na mkono wa kushoto anauiga pia?

— Ngalula, umechoka. Mutoto anaumwa, hulale, sasa unaona mambo mu mbao. Twende.

Alimshika bega. Kasimu alikuwa akiwaangalia, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

— Bwana, alimwambia Clément, juu ya nini unamusumbua mama hivi? Fundi si uliongea naye weye mwenyewe? Mwezi wa tano, pale kwenye mitumbwi. Nusu saa muzima. Alitoka kambi ya bakimbizi, akatumika hapa siku nne, anauliza kila muntu: bibi yangu muliona?

Ngalula aliinuka. Aliinuka polepole sana, magoti yana vumbi.

— Clément.

— Nilitaka kukuambia.

— Eko hai?

— Ngalula, sikiliza...

— Eko hai?

— Alikuwa hai. Mwezi wa tano. Bantu ba ONU, ba Umoja wa Mataifa, walimuficha. Mbele ya ile siku sikujua kitu, naapa kwa mama yangu. Nililia matanga pamoja na weye, uliniona.

— Nilikuona. Na siku ile ulimwambia nini?

Clément aliangalia viatu vyake.

— Nilimwambia ulipanda treni ya bakimbizi. Ulirudi Kasai na mutoto.

— Na miye, uliporudi nyumbani, uliniambia nini?

— Sikukuambia kitu.

— Mwezi wa tano uliijua, Ngalula alisema. Pete ulinivisha mwezi wa sita. Ile siku, Clément... ile siku ulijua?

Clément aliinamisha kichwa.

— Nilijua.

Hortense alimpiga kaka yake kwa kiatu alichokuwa nacho mkononi. Hakupiga kwa nguvu, lakini alipiga.

— Mutoto wa mama yangu! Wiki nne nampanguza Ntumba mayi kwenye kichwa, nauliza Mungu tumekosa nini, na weye unakula bukari yangu, unanyamaza?

— Nilimupenda! Clément alipaza sauti. Miye nilimupitisha mbele ya mapanga! Miye! Yeye Stanislas alikwenda kutafuta randa, miye nilibeba bibi yake na mutoto wake. Ile si kitu?

— Ni kitu, Ngalula alisema. Hortense amekupiga, miye sikukupiga. Ni juu ya ile uliyotufanyia.

Alivua pete, akaiweka mfukoni mwa suti ya kijivu, akaipigapiga pale nje kama anayemlaza mtoto.

Kasimu alikuwa amekwenda kibandani na kurudi. Alileta karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Alinitumia hii toka Mokambo kwa dereva mumoja. Alisema, kama mwanamuke mrefu anakuja, anapiga magoti kuangalia viungo, umupatie. Nilikuona tangu shimo la kwanza, mama. Lakini ulikuja na yule bwana, nikaogopa kuvunja nyumba ya bantu. Sasa umeuliza mwenyewe.

Ngalula alijua kusoma polepole, herufi kwa herufi:

«Ngalula. Wanasema ulipanda treni ya tarehe 12. Nimesoma majina yote ya ile treni, yako haiko, ya Ntumba haiko. Niko Mokambo, mpakani, natumika dukani kwa Mgiriki, telefone namba 14. Kama uko hai, itika. Kama umekufa, mwambie muntu anijulishe. Stanislas.»

Simu ilikuwa kwenye kibanda cha tikiti. Kasimu alizungusha, akaongea Kifaransa chake cha kuchechemea na dada wa posta, wakasubiri. Ngalula alishika kipokeo kwa mikono miwili. Ndani yake kulivuma kama bomba la mayi.

— Allô, Mokambo, parlez, muongee, dada wa posta alisema.

— Allô? Ni nani?

Ile sauti. Miezi kumi alikuwa akiisikia usingizini tu.

— Ni miye.

Kule Mokambo sauti ikashuka:

— Miye nani?

— Mama Ntumba.

Kitu kilianguka kule Mokambo, labda kiti. Mtu aliuliza jambo kwa Kigiriki.

— Uko wapi? Mutoto eko?

— Eko. Stanislas, mbele ya kuuliza ingine, nyamaza, niseme. Nikinyamaza miye, mutoto atakufa.

Clément alikuwa amesimama mlangoni. Hakuondoka, na Ngalula hakumwomba aondoke.

— Waliniambia ulikufa. Nikalia. Nikangoja. Mwezi wa sita nikakubali pete ya mwanaume, na nililala naye. Mara moja. Ni Clément, jirani yetu. Siku ya tatu Ntumba akashikwa na joto, mpaka leo. Sina ingine niliyoficha. Nimemaliza.

Ule mvumo tena. Ngalula alihesabu pumzi zake. Kumi. Ishirini.

— Muko bado kwenye laini? dada wa posta aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo. Bila shaka alikuwa amesikiliza yote.

— Tuko, Stanislas alisema. Mama, tuachie kwanza.

Kisha akavuta pumzi.

— Uliambiwa nilikufa.

— Ndiyo.

— Na umesema mwenyewe, hakuna muntu alikufungua kinywa.

— Nimesema mwenyewe.

— Inaniuma, Ngalula. Nisikudanganye, inaniuma sana. Nikimuona ule bwana leo, sijue mikono yangu itafanya nini.

— Hata miye sijue.

— Lakini mutoto hajui hii mambo. Huku kuko mama mmoja wa kwetu, Albertine, anajua dawa ya kufungua. Kesho asubuhi natafuta kuku mweupe. Ulete mutoto. Uje na weye. Tutafungua, kiisha tutaona vile tunakaa. Unasikia? Nimesema uje na weye.

— Nasikia.

— Na njiani...

Aliongea kidogo tena, kwa Tshiluba, lugha ya kwao, na laini ikakatika.

Ngalula alirudisha kipokeo mahali pake. Alikaa chini kwenye sakafu ya kibanda, miguu mbele kama mtoto, na machozi yakashuka bila sauti.

Nje, Hortense alikuwa amemsimamia kaka yake, kiatu bado mkononi.

— Gari iko na esanse ya kutufikisha Mokambo?

— Iko.

— Kwenye vizuizi vya basoda, mwanamuke wa Kasai hapiti peke yake. Weye unapita. Basi utamupeleka na mutoto, na miye nakaa katikati yenu. Kutoka Kipushi mpaka Mokambo hutafungua kinywa, isipokuwa kwa basoda.

Clément akatoa ufunguo mfukoni, akaenda kuwasha gari.

Hortense akaingia kibandani, akachuchumaa mbele ya Ngalula. Kwa mara ya kwanza siku ile hakumwita mulamu.

— Ndugu yangu. Mwisho wa simu alisema nini?

Ngalula alijipangusa uso kwa kitambaa chake.

— Anasema Mokambo asubuhi kuko baridi. Nisisahau kumuvalisha mutoto soksi.