Saa ya Redio Kunyamaza

Kila siku baada ya chakula cha mchana, redio ilinyamaza.

Haikukoroma wala kufifia. Mtangazaji alikuwa katikati ya neno, kisha kimya. Mshonaji aliondoa miguu kwenye pedali ya cherehani na kusubiri. Baadaye redio ilijiwasha yenyewe, ikaendelea kusema kama mtu aliyetua kidogo kumeza mate.

"Alilala," alisema mama mkwe wake bila kugeuka. "Sasa ameamka."

Marehemu mume wa mshonaji alikuwa na tabia hiyo. Akishakula, huzima redio na kujinyoosha kwenye kochi. Akiamka, huiwasha. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo kabla ya kiangazi. Kiangazi kilipokolea, redio ikaanza kuzimika saa yake ileile.

Kulikuwa na mengine. Zamani taa za sola ziliwaka mpaka watu wachoke wenyewe. Sasa giza likiingia tu, zilipepesa, na vivuli vikaruka ukutani bila mtu kusogea. Juu ya bati kitu kilikwaruza, kikatulia, kikakwaruza tena. Na kwenye kiboksi cha chaji pale ukutani, panapoingia waya za kutoka kwenye paneli, kulikuwa na jicho dogo jekundu. Mume alipokuwa hai lilikuwa kijani. Mshonaji alilifunika kwa kipande cha kitambaa cheupe ili lisimwangalie akishona. Kitambaa nacho kikawa chekundu katikati.

Mama mkwe hakuogopa, na hilo ndilo lililomtisha mkwewe zaidi. Aliweka mto kwenye kochi. Saa ya kimya ilipofika, aliketi kando yake na kuongea polepole, akaeleza nani kaoa, nani kahama, goti gani linamuuma. Kisha alinyamaza kidogo, kama anayesikiliza jibu.

Mshonaji alikuwa ameshafunga mzigo. Dada yake alimwambia ahamie kwake na cherehani yake. Alipomweleza mama mkwe, mzee alijibu kwamba mwenye kwenda na aende, yeye hamwachi mwanawe peke yake. Lakini nani angempikia? Nani angemkumbusha dawa ya presha? Kwa hiyo mzigo ulikaa mlangoni. Mshonaji hakuweza kuondoka, na kukaa hakuweza.

Siku moja fundi wa sola wa mtaa wa pili alikuja kuchukua ovaroli yake. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti kubwa, na alikuwa ameipasua ovaroli mahali asipotaka kupataja. Redio ilinyamaza akiwa bado anaijaribu. Alitazama kochi, mto, na mzee anayenong'ona. Halafu akatazama kitambaa chenye doa jekundu.

"Huyu wenu anafuata saa kama karani wa ofisi," alisema. "Paneli zenu huoshwa na nani?"

Walitazamana. Mshonaji alisema mvua huziosha. Fundi alicheka, akawauliza kama vyombo vyao navyo huoshwa na mvua. Mvua chache huacha matope, alieleza, na kiangazi huleta vumbi. Paneli chafu hailishi betri vizuri. Betri ikiwa na njaa, kiboksi huwasha taa nyekundu na kukata umeme ili betri isife. Alitoka uani, akainua kichwa. Tawi la mti lilikuwa limerefuka, na kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya paneli. Walisimama wakakiangalia kikijivuta polepole. Kilipotoka kwenye paneli, redio ndani ikaanza kusema.

Ngozi ya mshonaji ilimsisimka, ingawa sasa alijua sababu.

Fundi alirudi alfajiri na ngazi. Aliwaambia paneli huoshwa asubuhi, kioo kikiwa baridi. Ukimwaga maji ya baridi juu ya kioo chenye moto wa jua, hupasuka. Mshonaji alizima swichi kuu, kama alivyoelekezwa. Lakini walipoitegemeza ngazi, mama mkwe alikuja akaketi kwenye kipago cha kwanza.

"Mtamfukuza," alisema.

Fundi hakubishana. Aliuliza kama marehemu alikuwa akipanda huko juu. Mzee alikubali. Alipanda Jumapili nyingi alfajiri, na ndoo. Walidhani anazoa majani, au anatafuta utulivu, maana nyumba ilikuwa na wanawake wawili wasemaji.

"Basi niache nikaone alichokuwa akifanya, mama," fundi alisema.

Mzee aliinuka.

Fundi alifika juu. Njiwa wawili waliruka ghafla kutoka chini ya paneli, mabawa yakapiga bati, na mshonaji akakumbatia ngazi macho yamefumba. Alipofumbua, fundi alikuwa anashusha kitu kirefu kilichokauka kwa vumbi. Kilikuwa mti wa ufagio, na kichwani umefungwa shati kuukuu la pamba. Shati lilikuwa limeshonwa kwa mkono, mishono mirefu, iliyopinda, mibaya kabisa.

Mshonaji aliitambua mishono ile ya mumewe. Angeweza kumshonea vizuri zaidi, kama angemwomba.

"Alikuwa anaziosha," alisema.

Mama mkwe alilipokea lile shati, akalishika kwa mikono miwili.

Fundi aliosha huku anasema, wasikie wote. Maji safi na kitambaa laini vinatosha. Steelwire ya kusugulia masufuria na sabuni ya unga hukwaruza kioo. Usikanyage paneli. Usiguse waya. Ukiona imechubuka, ita fundi. Ngazi ishikwe na mtu, na bati likiwa limelowa mvua, ahirisha. Aliondoa kiota kitupu, akaziba nafasi kwa wavu, akakata tawi. Maji yaliyoshuka yalikuwa meusi kama ya kudekia sakafu ya gereji. Kabla hajaondoka, alisema watumie taa kidogo tu kwa siku chache, betri ijae.

Mchana walikula. Baada ya kula hakuna aliyetoa vyombo. Mama mkwe aliketi kando ya mto, na mshonaji akaketi sakafuni. Redio ilisema. Saa ya kimya ilifika, ikapita, na redio ikaendelea kusema tu, habari za barabara na mpira, bila kumjali mtu.

"Hayupo," mama mkwe alisema hatimaye.

"Hayupo, mama."

Walikuwa hawajawahi kulisema neno hilo ndani ya nyumba ile. Mzee alilia kwa muda mrefu, na mkwewe alimshika mpaka jua likapungua dirishani.

Siku chache baadaye kiboksi kilirudi kijani. Taa zikawaka mpaka mshonaji akachoka mwenyewe. Mzigo ulifunguliwa, nguo zikarudi kabatini.

Jumapili iliyofuata alfajiri, mshonaji alipanda mwenyewe na ndoo. Mama mkwe alikataa kukaa ndani. Alikamata ngazi kwa nguvu zake zote, goti bovu na yote.

"Shuka polepole," alimwambia. "Sina mtoto mwingine."